TAHADHARI: Muuza samaki aina ya kangaja wa buluu "aliyemaliza karantini"

Wadau wa matangi ya samaki wa maji ya chumvi, kuna muuzaji wa samaki wa mapambo huko Pwani anayetuma mizigo Nairobi kwa basi la usiku. Ni tapeli. Amekula shilingi 14,000 zangu na kuniachia ugonjwa ndani ya tangi langu kubwa. Ninaandika kwa hasira na kwa aibu, maana mimi ndiye huwa nawasisitizia wengine: karantini kwanza, hata ukimnunua kwa ndugu yako.

Video aliyonitumia ninaikumbuka hatua kwa hatua. Kangaja wa inchi 4, uso mweusi, koo jeupe, mwili wa buluu uliokolea, pezi la mgongoni la njano. Ananyofoa mwani wa nori uliobanwa kwenye kioo, anazunguka, anaurudia. Kwenye lile pezi, karibu na mkia, palikuwa na pengo dogo kama limemegwa. Nikamuuliza karantini ilikuwa ya siku ngapi. Akajibu papo hapo: siku 30 ndani ya dawa ya shaba ya kuua vimelea, ile isiyopungua nguvu haraka majini, miligramu 2 kwa lita, anapima kila baada ya siku mbili. Hayo ni majibu ya mtu anayeijua kazi. Tena kangaja huyu ni wa bahari yetu hii ya Hindi, hajasafirishwa kutoka ng'ambo, kwa hiyo bei na hadithi vyote vilikaa sawa. Nikatuma pesa kwa simu, zote, kabla ya samaki kupanda basi.

Mfuko ulifika alfajiri. Plastiki moja tu, bila wa pili wa kuulinda, na chini utelezi mweupe umetuama. Pezi la samaki lilikuwa zima. Nililiona, nikajiambia limeshaota, kwa sababu mapezi huota kweli. Tumbo lilikuwa limebonyea. Nikauelesha mfuko juu ya maji ya tangi dakika 20 ujoto ulingane, kisha nikadondoshea maji ya tangi kwa saa nzima kama alivyoniagiza, halafu moja kwa moja tangi kubwa.

Siku ya pili alisimama mbele ya pampu akihema mbio. Siku ya tatu, vidoa vyeupe kama punje za chumvi mapezini, anajisugua kwenye mawe, nori haigusi. Siku ya tano amekufa. Siku ya sita samaki wangu wawili aina ya klauni wakaanza kujisugua.

Hapo ndipo nilipokumbuka maji ya mfuko niliyoyatenga kwenye ndoo kabla ya kudondoshea. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ikasoma 1.011. Tangi langu ni 1.025. Mtu huyu anawaweka samaki kwenye chumvi ya chini: anaokoa pesa ya chumvi, na kimelea kinacholeta vidoa vyeupe kinadhoofika kiasi cha kuvificha, lakini hakifi. Samaki huvumilia chumvi ikishuka. Ikipanda ghafla hivyo, mwili wake unakaushwa maji. Kutoka 1.011 hadi 1.025 kunataka wiki nzima, 0.002 kwa siku. Na lile agizo la kudondoshea saa nzima ni sumu juu ya sumu: usiku kucha ndani ya mfuko hewa chafu imeshusha pH (maji yamekuwa na asidi zaidi), ndiyo maana amonia, sumu itokanayo na uchafu wake mwenyewe, haikumdhuru; ukiufungua, pH inapanda na amonia inamuunguza matamvua. Tayarisha tangi la karantini lenye chumvi ile ile ya mfuko, linganisha joto, mtoe upesi, maji ya mfuko usiyaingize.

Sasa klauni wako kwenye beseni la lita 60 lenye dawa ya shaba. Matumbawe na kamba wamebaki, maana shaba ingewaua. Tangi kubwa litakaa siku 76 bila samaki hata mmoja, kwa sababu vifuko vya kimelea hujificha mchangani wiki nyingi kabla ya kupasuka.

Mtu huyu arudishe pesa. Apelekwe idara ya uvuvi, leseni yake ikaguliwe, mapipa yake yapimwe chumvi mbele ya watu. Nilipompigia alisema nimemuua kwa uzembe, kisha akanifungia. Anaua samaki wa miamba yetu kwa shilingi chache, na kesho atamuuzia kijana anayeanza tangi lake la kwanza. Asiachwe!

Dalili zake: anataka pesa yote mbele, hakubali kupiga video ukiwa naye kwenye simu, na ukimuuliza chumvi ya tangi lake anasema "ya kawaida" bila namba. Na ukitumiwa video ya kangaja mwenye pengo kwenye pezi la njano, karibu na mkia, usitume hata shilingi. Ni yule yule, na hauzwi.