Mfumo wa matokeo wa chuo: usajili safi, alama hazionekani

Niutendee haki kwanza: kusajili kozi ni rahisi na haukwami hata siku ya mwisho. Kwa hilo ningeupa nyota nne. Lakini muhula uliopita alama zangu za somo moja hazikuonekana, na karani wa dirishani, macho yote kwenye simu yake, akanijibu, "Kamuulize mwalimu wako." Mwalimu alishazipakia kitambo!

Kilichotokea kinajulikana na kila anayeshughulika na mifumo hii. Mwalimu anapakua orodha ya darasa kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), analifungua kwa Excel, na namba ya usajili inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake: 0412 inakuwa 412. Akilipakia tena, mfumo hauitambui namba hiyo, unauruka mstari mzima kimya kimya, kisha unaandika kwa kijani "Umefanikiwa". Umefanikiwa nini? Ungetaja mistari mingapi imepokelewa, ipi imekataliwa na kwa nini, mwalimu angerekebisha palepale. Dawa ni kuiweka safu ya namba iwe maandishi wakati wa kuingiza faili, badala ya kulifungua kwa kubofya mara mbili.

Kosa hilo likigunduliwa baada ya Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, kupitisha matokeo, mwalimu haruhusiwi kugusa kitu. Hapo siwalaumu, la sivyo alama zingeuzwa. Inatakiwa fomu ya marekebisho, kijitabu cha majibu kama ushahidi, saini ya mkuu wa idara, bodi ya kitivo, halafu Seneti tena, ambayo haikutani kila wiki. Sifuri moja iliyodondoka inapitishwa njia ileile ya alama iliyochezewa! Seneti ingeweza kumkasimu mwenyekiti wake marekebisho ya makosa ya uingizaji tu, ayapitishe, kisha yeye aitaarifu kikao kinachofuata.

Nilitaka kusema programu ni mbovu. Hapana, ubovu uko kwa wanaoisimamia. TEHAMA wanasema data ni ya msajili, msajili anasema ni ya idara, idara inasema mfumo ni wa TEHAMA. Hakuna mwenye mamlaka ya kuamuru ule ujumbe wa kijani ubadilishwe, na wahitimu wanakosa kazi kwa sababu hiyo. Nyota nne nazifuta. Moja, ya usajili.

Unayekaribia kuhitimu, kagua alama zako kabla bodi ya kitivo haijakaa. Hapo idara bado inaweza kurekebisha yenyewe.