Pampu ya maji ya injini: ipi inunuliwe na mwenye gari Bukavu

Gari linalopanda miinuko ya Ngomo kutoka Kamanyola, likiwa na abiria na magunia ya mchele wa Uwanda wa Ruzizi, ndilo mtihani halisi wa pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza kati ya injini na radieta, kwa kuwa injini hufanya kazi kubwa huku mwendo ukiwa mdogo na upepo wa kupoza radieta ukiwa haba. Bukavu yenyewe iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyofungiwa kwa presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha radieta kilicholegea huku kwetu ni hatari maradufu.

Ninaiweka ya kwanza pampu mpya ya mkanda, yaani inayozungushwa na injini kwa mkanda, iwe ya kiwanda cha gari au ya Aisin, ambayo pia huitengenezea Toyota vipuri. Thamani yake kubwa ni kwamba mara nyingi hutoa onyo kabla ya kufa: chini ya shafti kuna kitundu, na sili ikichoka maji hutona hapo na kuacha alama ya ukoko, ilhali beringi ikilegea hulia. Dereva anayeinama kuangalia hupata muda wa kurudi nyumbani.

Ya pili ni pampu mpya ya viwanda vingine, kwa sharti kwamba boksi lifunguliwe dukani. Izungushe shafti kwa vidole, uisukume huku na huku. Ikicheza hata kidogo, irudishe. Ilinganishe na ile ya zamani, hasa urefu na idadi ya mapanga yake, yale yanayosukuma maji.

Pampu ya umeme ninaiweka ya tatu, ingawa ninakiri faida zake. Kasi yake haitegemei mzunguko wa injini, na inaweza kuendelea kuzungusha maji hata baada ya injini kuzimwa. Toyota iliiweka kwenye Prius ya mwaka 2009, ambayo injini yake haina mkanda wa nje hata mmoja. Mwenye gari hilo hana budi kununua ya aina hiyohiyo. Lakini ikifungwa kwenye Hilux ya zamani, yenye alterneta iliyochoka na nyaya zilizoungwa kwa mkono, inaweza kuzimika bila tone wala mlio, na kama mshale wa joto haufanyi kazi, utajua kulasi, yaani kichwa cha injini, ikiwa imekwisha kupinda.

Pampu iliyotumika isinunuliwe. Niliwahi kuuziwa moja iliyooshwa na kupakwa rangi ya fedha. Tulipoigeuza, mapanga yalikuwa yameliwa na kutu hadi karibu na shina. Kwenye injini kama 5S ya Toyota, ambako pampu huendeshwa na mkanda wa taimingi uliofichwa ndani ya vifuniko, kosa hilo humlazimu fundi kufungua kila kitu upya.

Pamoja na pampu nunua gasketi mpya na maji ya radieta yenye dawa ya kuzuia kutu. Maji matupu ya ziwani ndiyo yaliyoyala mapanga ya wengi.