Kiti chukueni, ila shikamoo je?

Muziki ulikuwa mzuri. Nalisema mapema kabisa, maana nikishafika kwenye kile kiti sitakuwa na neno jema tena.

Ilikuwa jioni moja ya kaskazi hii iliyopita, joto lile la Mji Mkongwe la kukoga mara mbili na bado nguo ikakuganda mgongoni. Onyesho lilikuwa la nje, hatua chache kutoka Forodhani, moshi wa mishkaki unatufikia pale pale. Waliopiga ni vijana wanaochanganya kidumbak, ile ngoma ya harusi ya Unguja, na gitaa la umeme na dramu. Nikamchukua shangazi yangu makusudi, maana ujana wake wote kaumalizia kwenye harusi za Ng'ambo akikatika kwa kidumbak. Tiketi shilingi 20,000 kila mmoja. Mlangoni tukaambiwa, kaeni popote.

Tukakaa mstari wa pili. Wimbo wa kwanza haujafika kati, akaja kijana wa fulana nyeusi, redio koli kiunoni. Akamsimamia mtu mzima wa miaka sabini na ushei: "We bibi, nyanyuka, hapa pa wageni wa mdhamini."

We bibi!

Shangazi akamtazama kama anayejaribu kukumbuka huyu mtoto wa nani. "Mwanangu, hujaniamkia." Yule akadhani bibi hasikii, akarudia kwa sauti zaidi, mkono tayari umeshashika kiti. Na kiti chenyewe basi! Plastiki nyeupe, mguu mmoja umefungwa waya, vile vile vinavyokodiwa kwenye hitma. Shangazi akachukua viatu vyake mkononi akaondoka bila neno. Wageni wenyewe walipofika walikuwa watatu kwa viti vinne, kwa hiyo pale alipokuwa amekaa shangazi yangu ukawekwa mkoba. Mkoba ukatazama onyesho mpaka mwisho. Nimeuhesabia kila wimbo.

Nataka kuwa na haki lakini. Lilipoingia sanduku, hasira zilinishuka kidogo. Ambaye hajaliona: ni boksi limepinduliwa, zamani lilikuwa la majani ya chai, na ufito umesimama, na uzi mmoja tu. Mpigaji anauvuta ufito uzi ukaze, anaulegeza, na sauti unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Fidla ikawa inalia juu yake, gitaa linaijibu, watu wote wima. Nikageuka kumtafuta shangazi. Kakaa kwenye ngazi ya mawe kule pembeni, anagonga chupa ya soda kwa funguo, na hakosei hata pigo moja.

Nikasema basi, nawapa nyota nne. Halafu nikauona mkoba. Mbili.

Baadaye nikamtafuta mkubwa wao. Akanisikiliza huku anaandika kwenye simu, akasema "tutalifanyia kazi", akanipa chupa mbili za maji. Maji! Nilitaka yule kijana aje aseme neno moja tu, na neno lenyewe halinunuliwi dukani. Kwa hiyo hata hizo mbili nazirudisha, nyota zote ziende kwa mpiga sanduku.

Tunarudi, tumefika Darajani, shangazi ananiuliza watapiga tena lini. Nikamwambia mimi pale sikanyagi tena.

"Nani kakuuliza wewe? Mimi nitakwenda na kibao changu cha mbuzi, aje aninyanyue."