Tiketi nililipa, kura wakaninyima

Nyota mbili. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye moja.

Ukitaka kujua Wajerumani wa leo wanaiwazaje demokrasia, watakwambia nenda katazame Terror, tamthilia ya Ferdinand von Schirach ambayo kumbi zao zimekuwa zikiicheza tangu 2015. Rubani wa jeshi ametungua ndege ya abiria iliyotekwa, watu 164 wakafa, ili isiangukie uwanja wa mpira wa München uliojaa watu 70,000. Alikuwa amekatazwa kupiga. Sasa yuko kizimbani, na wazee wa baraza ni sisi watazamaji. Tunasikiliza, tunapiga kura, hakimu anarudi kusoma hukumu tuliyoitoa. Mwandishi ameandika zote mbili, ya hatia na ya kumwachia.

Ukumbi siutaji. Ulikuwa msimu wa baridi, nimekaa na shemeji yangu, Mjerumani. Ulipofika wakati wa kura, mhudumu akapita akigawa vifaa vya kubonyeza. Akampa shemeji, akaniruka, akampa mama wa upande wa pili. Nikamwita. Akanijibu kwa Kiingereza, polepole kama anayesema na mtoto, kwamba kura ni ya waliofuatilia mchezo. Nikamjibu kwa Kijerumani kwamba nimefuatilia neno kwa neno. Akatabasamu: vifaa vimebaki vichache. Kikapu kilikuwa mkononi mwake na hakikuwa kitupu!

Kura ya Bunge sipigi kwa sababu sina uraia, na hilo ni sheria. Hata uzee wa baraza katika mahakama zao ni wa raia tu. Lakini huu ulikuwa mchezo wa kuigiza, na kiti nilikilipia.

Shemeji alinipa kifaa chake. Sikukipokea. Nilitaka changu.

Na kinachonichoma ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo mwendesha mashtaka alikuwa amesimama jukwaani akitetea utu wa kila mtu, kwamba binadamu hapimwi kwa idadi. Ndivyo Mahakama yao ya Katiba ilivyoamua mwaka 2006, ilipofuta kifungu kilichoruhusu jeshi kutungua ndege ya namna hiyo. Utu ndio ibara ya kwanza ya Katiba yao ya 1949, iliyoandikwa baada ya Hitler, na ibara ya 79 inakataza msingi huo kuguswa hata Bunge zima likikubaliana. Sasa inakuwaje watu wapewe vitufe kuupigia kura? Halafu katika kesi halisi ya mauaji huko, wazee wawili huketi pamoja na mahakimu watatu wa taaluma. Hawaachiwi peke yao. Mwandishi ni mwanasheria, anayajua haya yote.

Filamu yake ilipoonyeshwa kwenye televisheni Oktoba 2016, karibu asilimia 87 ya waliopiga kura Ujerumani walimwachia rubani. Ukumbini kwetu pia aliachiwa, watu wakapiga makofi. Mimi ningemtia hatiani. Ushahidi wa yule mjane wa abiria mmoja ulinitosha, pamoja na swali ambalo hakuna shahidi aliyelijibu vizuri: kwa nini umati haukuondolewa uwanjani?

Lakini kila nikikumbuka yale makofi naona huenda mchezo ulifanya kazi yake. Ulinionyesha jinsi watu wema, waliovaa vizuri, wanavyouachia msingi wa Katiba yao kwa kubonyeza mara moja. Vitabu vingi havijaweza kunionyesha hivyo.

Niliandika barua ya malalamiko. Wakanitumia tiketi ya bure ya mchezo mwingine, bila neno hata moja kuhusu yule mhudumu. Sijaitumia na sitaitumia.

Basi nabadilisha: mchezo nyota nne, ukumbi sifuri. Nendeni mkautazame, ila mji mwingine, na mtu akikuruka na kikapu chake mwite kwa sauti, hakimu asirudi jukwaani kabla hujapewa kifaa chako.