Kutoka Unguja kwenda ukweni Pemba mara ya kwanza: boti au ndege?
Kwa nauli, boti haina mshindani. Mzigo ndio hoja yake kubwa: kwa wakwe hatwendi mikono mitupu, na doti za kanga, mchele na mabegi ya watoto havienei katika kilo 15 ambazo ndege ndogo nyingi huruhusu. Lakini kusi likivuma, Juni hadi Agosti, mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, hauna huruma. Mwepesi wa kutapika atashuka bandari ya Mkoani kanyauka, buibui limelowa, na mama mkwe yupo bandarini anamsubiri kwa hamu.

Ndege ni nusu saa hivi, inatua karibu na mji wa Chake Chake. Mjamzito au mwenye likizo fupi apande hiyo. Mwenye watoto na mizigo, boti, ila achague mwezi bahari imetulia.