Feni za kompyuta kwa chumba cha mimea: adapta au pawasaplai?
Feni nyingi za kompyuta hutaka volti 12 za DC (umeme kama wa betri), basi. Adapta ya ruta iliyostaafu (soma lebo kwanza, si zote ni za volti 12) yenye ampea 1 inaendesha feni nne za ampea 0.2 bila kuhema, ukiziunga sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Haina kelele, na ni rahisi kuitundika mbali na maji.

Pawasaplai ya kompyuta (lile boksi la kugawa umeme ndani yake) ina nguvu za kupitiliza. Ili iwake, unganisha waya wa kijani na mweusi. Volti 12 ziko kwenye wa njano. Tatizo, feni yake yenyewe huvuta unyevu wote ndani. Waya mwekundu hutoa volti 5 za kuzungusha feni taratibu, ingawa nyingine hugoma kuanza. Mimi nachukua adapta, isipokuwa feni zikiwa nyingi mno.