Mwendokasi kutoka Kimara hadi mjini: uzoefu wangu nikimsindikiza shangazi anayetumia kiti mwendo

Shangazi yangu anatumia kiti mwendo tangu alipopata kiharusi, na mimi ndiye ninayemsindikiza kutoka Kimara hadi kliniki ya mazoezi ya viungo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, ninayapima kwa kuangalia yanambeba nani na yanambebaje.

Huduma hii ilianza Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 inayofuata Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza barani Afrika kutunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya mwaka 2018. Kasi ipo, kwa sababu basi lina njia yake na halingoji foleni ya magari. Hata hivyo, ninachokithamini kuliko yote ni kwamba jukwaa la kituo na sakafu ya basi viko kimo kimoja. Tunapanda mteremko wa zege, tunalipa nauli dirishani, na basi linapokaa vizuri ubavuni mwa jukwaa ninainua kidogo magurudumu ya mbele ili yavuke ule mwanya mwembamba. Shangazi anaingia akiwa ameketi, mkoba wake mapajani, bila kushikwa kwapani na watu asiowajua.

Kwenye daladala alikuwa akibebwa kama mzigo, pale tulipokubaliwa kupanda. Simlaumu kondakta peke yake. Dereva wa daladala anatakiwa kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya fedha waliyokubaliana kila siku, hivyo kiti mwendo kinachochukua nafasi ya abiria wawili, au mwanafunzi anayelipa nauli pungufu, kwake ni hasara. Katika mwendokasi nauli hukusanywa kituoni na dereva hana hesabu ya kupeleka jioni, kwa hiyo hana sababu ya kumkwepa mtu. Mpangilio huo wa malipo, ambao ni nadra kusikia ukizungumzwa, umemtendea shangazi haki kuliko matangazo yote ya kuhimiza ustaarabu.

Haki hiyo hupotea pale mabasi yanapokuwa machache. Uhaba wa mabasi umekuwa kilio cha wakazi kwa miaka mingi, na saa za asubuhi mlango ukifunguliwa huingia mwenye nguvu, huku wazee, wajawazito na wenye ulemavu wakibaki jukwaani. Mvua kubwa nayo hujaza maji Bonde la Msimbazi pale Jangwani, na barabara ikifungwa safari hukatika. Naamini fedha za kuongeza mabasi zina manufaa ya haraka kuliko fedha za kupanua barabara za magari binafsi, maana wengi wa wakazi wa jiji hili hawana gari.

Nje ya kituo taabu inarudi: mitaro isiyofunikwa, pikipiki zilizoegeshwa juu ya njia ya miguu, na vichochoro vya mchanga ambavyo magurudumu ya kiti hayapiti.

Kwa anayemsindikiza mtu mwenye kiti mwendo, ninapendekeza apandie Kimara, ambako basi huanza safari, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na aombe miadi ya kliniki iendane na muda huo.